Agizo la Mdomo Halina Folio

Wanangu mlioajiriwa serikalini mwaka huu, hongereni. Najua mlivyosota. Mmelala sakafuni kwa marafiki Dodoma mkisubiri usaili, mmeazimana tai na viatu, mmefungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira usiku wa manane mkitafuta majina yenu, na siku jina lilipotokea mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi ya nani. Furahini. Mshahara wa kwanza ukiingia, pelekeni nyumbani kilo mbili za nyama na kitenge kimoja, mpokee dua za wazee. Kisha mkae mnisikilize, maana nina neno, na sidhani kama mtalisikia kwenye mafunzo elekezi.

Huko mtaambiwa msile rushwa, msichelewe kazini, msivae jinzi. (Niliwahi kuhudhuria mafunzo ambayo urefu wa sketi ulijadiliwa asubuhi nzima, na habari za ununuzi zikapewa dakika chache kabla ya chakula cha mchana.) Yote hayo ni kweli, hata sketi ina nafasi yake. Ila tamaa yenu hainitishi sana. Mwenye tamaa anajijua, na ofisi nzima inamjua kabla mwaka haujaisha. Kinachonitisha ni adabu yenu. Adabu hii tuliyowafundisha sisi wenyewe: shikamoo kabla ya neno lolote, mkubwa hakosolewi mbele za watu, ukitumwa nenda, maswali baadaye. Imewafanya watoto wazuri nyumbani. Ofisini itawatia hatiani kama hakuna aliyewaonyesha inapoishia.

Mimi nilikuwa mtu wa masjala. Najua ninyi mnaiita stoo ya makaratasi, na wengi mkipangiwa huko mnanuna. Sawa. Lakini hakuna mtu anayeijua ofisi kumzidi mtu wa masjala, kwa sababu kila kilichoamuliwa kinapita mikononi mwake kikiwa kimeandikwa, na kile ambacho hakikuandikwa anakijua kwa pengo lake. Karatasi ikiingia kwenye jalada inapewa namba, ndiyo folio. Mbele ya jalada kuna karatasi ya madokezo, hapo kila mmoja anaandika maoni yake, anaweka saini na tarehe, anampelekea mwenzake. Ukisoma jalada kutoka folio ya kwanza hadi ya mwisho unaona nani alishauri nini, nani aliidhinisha, nani alikaa na jambo mezani miezi mitatu bila kuligusa.

Basi niwaambie nilichokiona. Maovu makubwa yaliyopita pale karibu yote hayakuwa na mwandiko wa mkubwa. Anayetaka jambo baya lifanyike haliandiki. Anapiga simu. Anakukuta koridoni, anakushika bega, anakuita mwanangu: "Hili nisaidie, limalize leo, mengine niachie mimi." Unapandwa na fahari, mkubwa amekujua kwa jina. Unalimaliza. Kwenye jalada linabaki jina lako, cheo chako, tarehe na saini yako. La kwake halipo popote. Agizo la mdomo halina folio.

Kulikuwa na kijana katika halmashauri moja niliyofanyia kazi, mpole, msikivu, mtu ambaye ungemwozesha binti yako bila kuuliza ukoo. Aliteuliwa kwenye kamati ya kukagua na kupokea bidhaa. Wengi wenu mtateuliwa humo mapema, maana wakongwe wanaikwepa. Ilikuwa mwishoni mwa Juni, nanyi mtakuja kuijua Juni ya serikalini: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, fedha isiyotumika inarudi Hazina, kila mtu anakimbia na vocha mkononi. Lori la mabati ya madarasa likafika Ijumaa jioni. Kijana akahesabu, mabati hayakutimia. Akashika moja, akaona ni geji 30 wakati mkataba unasema geji 28. Akasita. Simu ikaita. Mkubwa wake akamwambia mzabuni ni mtu wa kuaminika, yaliyobaki yanakuja Jumatatu, tia saini malipo yasikwame, watoto wanasubiri madarasa. Akatia saini kwamba amepokea yote, na kwa ubora uliotakiwa.

Hakupewa hata soda.

Jumatatu ile haikuja. Walikuja wakaguzi, baada ya mkubwa yule kuwa amehamia kituo kingine. Kijana akatakiwa kujibu hoja. Akasema aliagizwa. Wakamuuliza, barua iko wapi? Akaja masjala, akanisihi nimtafutie chochote, hata kikaratasi. Nililipekua jalada lile mbele yake folio kwa folio, na nilikuwa najua kabla sijaanza kwamba sitapata kitu. Kazi ilimtoka. Mzabuni yule nilimwona mwaka uliofuata kwenye zabuni nyingine.

Ninapowaambia kisa hiki baadhi yenu mnasema, huyo kaonewa. Ni kweli kwa sehemu yake. Lakini darasa lilibaki bila paa kamili, na karatasi iliyoruhusu fedha ya paa iondoke ilikuwa yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ina kifungu kizima kuhusu mtu anayetumia hati ya uongo kumpotosha mwajiri wake. Kifungu hicho hakiulizi kama ulikuwa mtoto mwenye adabu.

Mnakumbuka vyeti vya kughushi? Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki pale Dodoma, na watumishi 9,932 wakaonekana kuwa na vyeti feki. Watu walizungumza sana habari za hao 9,932. Mimi nilijiuliza habari za wengine. Kila cheti kati ya hivyo kilipaswa kupita mezani kwa mtu, akalinganisha nakala na cheti halisi, akagonga muhuri. Wako wapi waliogonga? Wengi wao, naamini, hawakuhongwa. Waliletewa rundo la karatasi na mtu wanayemheshimu, wakaambiwa hawa ni vijana wetu, wakagonga.

Sasa mtaniuliza, bibi, unataka tuwavunjie heshima wakubwa? Hapana. Nataka mjifunze kukataa kwa adabu, na kwa bahati nzuri Serikali imewapa chombo cha kufanyia hivyo, dokezo. Kijana yule angerudi mezani kwake Ijumaa ile akaandika hivi: "Rejea maelekezo yako kwa simu leo jioni. Kamati imehesabu mabati 312 badala ya 400, na unene wake haulingani na mkataba. Kwa hali hiyo kamati haiwezi kuthibitisha mapokezi kamili. Naomba maelekezo yako kwa maandishi." Tafuta humo neno la utovu wa adabu, hulipati. Hakumwita mtu mwizi, hakukataa kazi, hakupaza sauti. Ameandika alichokiona na ameomba kuongozwa, jambo ambalo kila mdogo ana haki ya kuliomba.

Na niwaambie kinachotokea dokezo la namna hiyo likipanda ghorofani. Kwa nilivyoona masjala, ni nadra sana kushuka na agizo. Linashuka limeandikwa "Tuonane". Au halishuki kabisa, na lile jambo la haraka la kufa na kupona linapoa, halizungumzwi tena. Mkubwa mwenye nia njema anakushukuru kwa kumwepusha, nao wapo, msidhani hawapo. Mwenye nia mbaya anatafuta mwingine wa kumtuma. Ndiyo maana hiyo "Tuonane" mnapaswa kuijua mapema. Nendeni mkaonane, msikilizeni kwa heshima zote, mkirudi mezani andikeni: "Nimeonana nawe leo kama ulivyoelekeza, na nimeelewa kwamba..." Mtaona jinsi watu wanavyopunguza kusema mbele ya mtu anayeandika.

Siku hizi mambo yanahamia kwenye kompyuta. Majalada yameingia e-Ofisi, malipo yako MUSE, zabuni ziko NeST, na wapo wanaodhani karatasi imekufa na folio zake. Haijafa, imehamia kwenye nywila. Nasikia ofisi ambazo mkubwa anampa kijana nywila yake amsaidie kuidhinisha, au anamwomba kijana nywila ya kwake kwa sababu yuko safarini. Wote wanaona ni kusaidiana. Mfumo haujui kusaidiana. Unajua jina lililoingia, saa na dakika. Mwenzako akitumia nywila yako kulipa kisicholipwa, umelipa wewe. Mkiombwa nywila, semeni mmeshaibadilisha na hata nyie mmeisahau, mcheke, muondoke. Huo ni uongo mdogo, na kwa huo nitawaombea msamaha mwenyewe. Na mtu akikuletea hati ya Agosti akuombe uweke tarehe ya Juni, hapo usicheke.

Sisi wazee tuna tabia ya kusifia zama zetu, kwa hiyo nipunguzieni kidogo katika haya ninayosema sasa. Baada ya uhuru Serikali haikuwa na mchezo na rushwa. Sheria ya 1963 iliyoweka kima cha chini cha adhabu ilisema anayetiwa hatiani kwa rushwa atafungwa miaka miwili na viboko 24, 12 akiingia gerezani na 12 akitoka. Mwalimu Nyerere aliwakumbusha watu adhabu hiyo Mbeya, Mei Mosi ya 1995, akasema vile vya kutokea vilikuwa vya kumwonyesha mkewe. Umati ulicheka. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na kusema walioko juu wanajinufaisha, Mwalimu aliwafukuza, kisha akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Jirani zetu Kenya walichukua njia nyingine. Tume ya Ndegwa ya 1971 ilikubali mtumishi wa umma afanye biashara huku akiwa ofisini, na Wakenya wenyewe wameandika vya kutosha kuhusu mgongano wa maslahi uliozaliwa hapo. Nasi hatukubaki tulipokuwa. Zanzibar, 1991, masharti yale ya uongozi yakalegezwa, na 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo haimkatazi kiongozi kuwa na mali bali inamtaka aitangaze kwenye fomu ya tamko.

Sitawadanganya kwamba chini ya Azimio tulikuwa malaika. Nyumba za kupangisha ziliandikwa majina ya shemeji na watoto wachanga. Sukari ilitokea mlango wa nyuma, kibali cha saruji kilikuwa mali kuliko saruji yenyewe, na Waziri Mkuu Sokoine alipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi 1983 watu walitupa bidhaa mitaroni usiku. Lakini masharti yale yalikuwa na faida moja kwa sisi wadogo: yalijulikana na kila mtu. Dereva aliyajua, tarishi aliyajua. Mdogo alikuwa na kitu cha kunukuu. Fomu ya tamko la mali inajazwa na mkubwa, inapelekwa Sekretarieti ya Maadili, na wewe wa chini huna habari nayo. Ndiyo maana vijana wengi mnadhani maadili ni mambo ya viongozi.

Yenu yapo. Ni Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma za 2005, na zina misingi minane: huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Msome huo wa pili vizuri. Ni utii kwa Serikali. Haukusema utii kwa bosi wako. Serikali inayosemwa hapo imeagiza kwa sheria, kanuni na nyaraka zilizoandikwa, na mkubwa anayekuagiza kinyume cha hizo, saa ile, haagizi kwa niaba yake. Na huo wa mwisho, wa taarifa, ukumbukeni mnaposhika simu. Barua yenye muhuri wa siri inapigwa picha saa nne, saa nne na robo iko kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo mzima. Mgonjwa anapigwa picha kitandani. Hilo halina mjadala kwangu.

Nije kwenye pesa, maana mnadhani nitaikwepa. Mshahara hautoshi. Kima cha chini kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, ni hatua, na bado mwenye kodi ya nyumba, ada na mama mgonjwa anajua pesa hiyo inavyokwenda. Tume ya Jaji Warioba iliyochunguza kero ya rushwa mwaka 1996 haikuficha hilo: ilitenganisha mdogo anayechukua kwa sababu kipato hakimtoshi na mkubwa anayechukua kwa uroho. Nakubali tofauti hiyo. Ila nimeona njia nyingine ya kufikia upungufu, na hiyo mnaichimba wenyewe.

Benki zinawasubiri mlangoni. Hamjathibitishwa kazini, tayari kuna fomu ya mkopo wa miaka mingi na kalamu juu yake. Unachukua, unanunua gari, maana mwenzako wa chuo ana gari. Makato yanaanza, unabaki na theluthi ya mshahara, kile kiwango ambacho mwajiri haruhusiwi kukivuka. Theluthi hiyo haiweki mafuta kwenye gari. Unakwenda kwa wale wakopeshaji wa kausha damu, unaacha kadi ya benki na namba yake ya siri. Mtu aliyefika hapo hawezi kuandika dokezo. Akiambiwa na mkubwa "saini hapa, kuna posho ya siku tano", safari ambayo haipo, atasaini huku anatetemeka. Kwa hiyo ninapowaambia msikope gari mwaka wa kwanza, sizungumzi habari za uchumi. Nawaomba mbaki na uwezo wa kusema hapana.

Na nyie mtakaopewa mashine za POS kukusanya ushuru wa halmashauri, sikilizeni zaidi. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia mwaka hadi mwaka habari ya makusanyo ya POS yasiyopelekwa benki. Wengi wa hao hawakuanza kwa kuiba. Walikopa Ijumaa warudishe Jumatatu. Wakarudisha, mara ya kwanza. Hakuna mtu anayekopa kwenye pesa ya ushuru mara moja tu.

Sasa kuna upande mwingine wa adabu yetu ambao unaniuma kuliko wote, nao ni kwamba inapanda tu, haishuki. Kijana yule yule anayesimama wima mkuu wa idara akiingia, na kumfungulia mlango, na kumbebea mkoba, anamwacha bibi wa miaka sabini kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, hata jicho hampi. Koti lake liko kwenye kiti kuonyesha yupo, mwenyewe yuko mjini kwa shughuli zake. Akirudi anasema mtandao uko chini, njoo kesho. Zamani sisi tulisema faili halionekani, ninyi mnasema mtandao. Nikiwa masjala nilijua majalada yasiyoonekana yalipo. Mara nyingi yalikuwa kwenye droo ya chini ya mtu anayesubiri "asante".

Tangu malipo ya Serikali yaanze kulipwa kwa kontroli namba, pesa ya ada haishikwi tena dirishani, na hilo limeziba mengi. Kilichobaki kwenye mikono ya mtumishi ni muda wa watu. Ndio unaouzwa sasa. Hakuna anayekwambia leta elfu hamsini nikupe hati. Anakuacha usubiri, anakuacha urudi, nauli inakwisha, mpaka wewe mwenyewe unauliza, "Mwanangu, hatuwezi kuongea?" Halafu anajisifu kwamba hajawahi kuomba rushwa maishani mwake. Bibi wa benchi ndiye mwenye Serikali. Shikamoo yake ya kweli ni kumhudumia kwa zamu yake, kabla ya yule mwenye suti aliyepita moja kwa moja ndani kwa sababu amesoma na bosi.

Kuhusu zawadi watu hunisumbua na maswali: je, jogoo aliyeletwa na mzazi, je, mchele wa mkulima aliyepimiwa shamba? Kama bado ana jambo mezani kwako, au atakuwa nalo mwakani, mrudishie kwa maneno matamu. Anayekupenda atakualika harusini.

Kwa mabinti zangu, na kwa wavulana pia, maana nao siku hizi yanawakuta: mkubwa anayetaka mwili wako ndipo upate uthibitisho, uhamisho au safari, anatenda kosa la jinai. Sheria ile ya 2007 imelitaja kosa hilo waziwazi na kuliwekea kifungo cha hadi miaka mitano, au faini, au vyote viwili. Usimfiche kwa heshima. Tunza ujumbe wake wote, usiufute kwa aibu, aibu si yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo, na ofisi za TAKUKURU zipo wilayani. Nimewaona mama watu wazima wakimtetea mtu wa namna hiyo kwa kusema ni mlezi wa wengi. Tuachieni hao mama, tutazungumza nao wenyewe.

Nisiwaahidi kwamba mkifanya haya mtapandishwa vyeo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 David Munyakei alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya. Karatasi za malipo kwa kampuni ya Goldenberg zilipita mikononi mwake, fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, na Kenya haichimbi almasi. Akazitoa nakala, zikawafikia wanasiasa wa upinzani, sakata likalipuka 1993. Yeye alikamatwa, akashtakiwa, akapoteza kazi. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu. Alifariki 2006, bado maskini. Hapa kwetu kuna sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, itumieni pale jambo linapozidi dokezo, lakini msiingie mkidhani njia imetandikwa zulia.

Wapo waliolipa gharama kutoka upande wa juu pia. Mwaka 1976 watuhumiwa waliteswa na baadhi wakafa mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumgusa mtuhumiwa yeyote, hakuwapo. Januari 1977 akajiuzulu, kwa maandishi, na Mwalimu akakubali. Hakusema aliyefanya ni afande fulani. Miaka minane baadaye alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, lakini siku ile anaandika barua hakuwa na namna ya kulijua hilo. Mkubwa anayekubali jina lake liwe kwenye karatasi ya jambo lililoharibika ni huyo wa kumbebea mkoba.

Ninyi kinachoweza kuwapata ni kidogo zaidi. Utanuniwa. Utaondolewa kwenye safari. Utaitwa mjuaji, na pengine utahamishiwa mahali ambapo basi linafika mara mbili kwa wiki. Huko nako kuna ofisi, kuna bibi kwenye benchi, kuna masjala. Nenda. Nawajua waliokwenda, wakastaafu huko huko, mafao yao yakatoka bila hoja hata moja ya kujibu.

Mkiripoti Jumatatu, kabla hamjaulizia posho ya kujikimu, ulizieni nakala ya zile Kanuni za 2005. Inapaswa kuwapo, pengine iko kwenye rafu ya chini na haijafunguliwa tangu iletwe. Mkiambiwa haipo, msibishane na mtu. Andikeni dokezo la kuiomba, mweke tarehe, mlipeleke masjala lipewe folio.